Sakafu Mpya ya Pijo

Mpanda, Jumapili jioni, Septemba 1996

Mgongo umekataa kunyooka. Siku nzima nimelala chini ya gari la marehemu baba, Pijo kuukuu, kutu ikinimwagikia machoni.

Fundi wa kuchomelea aliikataa sakafu yake tangu wiki iliyopita. "Bati limeoza, kaka. Moto utaongeza matundu tu." Mimi mwenyewe kuchomelea sijui. Basi nimefanya kama wale mafundi wa sufuria sokoni: nimekata pipa la mafuta, nikalinyoosha kwa nyundo, nikalilaza juu ya bati lililobaki zima pembeni, nikatoboa na kukaza kwa ribiti na bolti. Maungio nimeyapaka lami.

Bolti zimetosha upande anaokaa mama tu. Upande wangu, kwenye usukani, nimefunga nne, na moja inazunguka bure. Hiyo inanikera kuliko mgongo.

Kesho nampeleka Usevya kwa dada yake anayeumwa. Miaka miwili sasa mama anapanda gari hili amekunja miguu kitini, na gunia tumelitandika juu ya tundu ili vumbi lisimpande. Leo nikamwambia, "Mama, shusha miguu. Imekwisha."

"Una hakika, mwanangu?"

"Kabisa."

Akavua ndala, akaziacha chini mlangoni mwa gari, akakanyaga kwa mguu mtupu, taratibu, kama anaingia nyumbani kwa mtu.

Nikakosa moyo wa kumwambia habari ya zile bolti nne. Gunia nimelihamishia upande wangu.