Kurasa Ulizoziruka

Albertville, 1965

Papa Adela,

Ni mimi, bibi yako wa ndoa. Tangu tulipokuzika musimu muzima wa mvua umepita, na mimi sijajua bado kama nakulilia ao nakukasirikia. Yote mawili yananijia siku moja, saa moja.

Adela ameingia mwaka wa sita wa shule. Jioni ananifundisha Kifaransa, mutoto anamufundisha mama yake! Nilijikaza mpaka nikaweza kusoma peke yangu ile romani nene ya zamani uliyopewa na mwalimu wako wa Mpala, ile uliyokuwa unanisomea kwa Kiswahili nikichambua ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa. Unakumbuka ulivyokuwa unamutukana yule bwana wa ndani ya kitabu? "Ana bibi, ana nyumba, anatafuta nini tena?" Na mimi nacheka.

Kumbe hukunisomea yote. Yule bwana hakuwa mujinga. Kurasa na kurasa anazunguka ndani ya chumba chake, moyo unamuambia aende, tena unamuambia abaki. Anamupenda bibi yake, na palepale anaona nyumba yake inamukaba koo. Hizo zote uliziruka. Na pembeni, kwa kalamu ya kreyo, mwandiko wako: "Mimi pia."

Nilifunga kitabu. Nikafungua tena, labda nimesoma vibaya.

Ndipo nikakumbuka mwaka wa uhuru, ulipopata barua ya kazi ya biro, ya kuandika ofisini, kule Léopoldville. Ulisema utatangulia, utatuita baadaye. Ukabeba valizi ya nguo zako, ukaenda gare kupanda gari ya moshi. Saa nane ukarudi na mikate miwili. "Gari ya moshi haikutoka," ukasema. Nikaamini. Juzi nimemuuliza jirani yetu Papa Gustave, si unajua yeye ni mutu wa gare tangu zamani. Akashangaa: "Siku ile? Ilitoka, Mama. Nilimuona amekaa juu ya valizi yake mpaka gari ikapotea kwa macho."

Sasa nifikiri nini? Ulirudi kwa kutupenda? Kwa woga? Ile miaka mine yote, ukinichagulia kipande kizuri cha samaki, ulikuwa pamoja nami kweli, ao ulikuwa ungali umekaa pale gare? Asubuhi najijibu hivi, muchana najijibu vingine.

Lakini na mimi niseme, maana huwezi kuniuliza. Mwaka jana, wakati wa vita, wewe umelala na homa, mudogo wangu alituletea nafasi mbili katika meli ya Kigoma, yangu na ya Adela. Yako haikuwamo. Nilikuambia tunaenda kuchota maji ziwani. Tukafika bandarini. Adela alifikiri tunamusindikiza mama yake mudogo. Nilisimama pale, mukono wa mutoto ndani ya mukono wangu, mpaka mudogo wangu akaniita kwa hasira, akapanda peke yake. Nikarudi. Wewe ulikuwa umelala vilevile. Ukaomba maji. Sikuwa nayo.

Hata leo sijui kama ni upendo ulionirudisha. Miguu ndiyo ilirudi. Wiki mbili baadaye ukatuacha.

Lala, bwana wangu. Siku ya Wafu tutakuja kung'oa majani juu ya kaburi lako. Na Adela akikomaa nitamuambia yote, ya gare na ya bandari, bila kuficha. Ataniuliza kama baba yake alitaka kwenda. Nitamuambia alitaka. Halafu nitamuambia alirudi, na mimi ndiye niliyemufungulia mulango.

Bibi yako,
Mama Adela