Sahani Mbili za Mayai ya Chula

Siku ya pili, 6 Desemba 1994

Mama mukwe alikuya na mvua. Alisema mbele yangu, pole-pole, sawa muntu anauliza bei ya unga: Germain, bwana yangu, aoe mwingine. Rosalie wa kule Panda iko tayari, siku ya Mungu atamuleta. Yeye hakumukatalia! Yeye anajua tu kusema: miye iko muzima, angalia mikono yangu. Mimba haishikwe na mikono. Miye nilipimwa zamani, hakuna kitu mubaya. Yeye alikatala kupimwa.

Miaka yote hii hakuna muntu ananiita mama ya nani. Niko madame ya kufundisha biolojia tu. Nimechoka.

Siku ya ine, 8 Desemba

Bachula banaimba mu mufereji. Nilikamata jike na dume juu ya somo ya siku ya posho. Ku masomo maji hakuna, tangu pillage, wakati basoda baliiba vyombo, mikroskopi moja tu njo ilibakia. Nikaileta hapa, nijaribu kwanza.

Mbegu ya chula dume iko na enzime, dawa yake ya kuyeyusha ngozi ya yai. Bila ile, haiingie. Na soya mubichi inazuia enzime ya namna ile — njo maana tunaichemsha mbele ya kupatia batoto. Germain anasema jikoni inanuka. Inuke.

Siku ya tano, 9 Desemba

Sahani moja: mayai, mbegu, maji ya mvua. Ya pili: vilevile, pamoja na maji ya soya mubichi. Mu ya kwanza mayai yalianza kugawanyika, mbili, kisha ine. Mu ya pili — hata moja.

Germain alitoka ku kazi, akainama ku mikroskopi juu ya kunicheka. Nilimuonyesha mbegu ya sahani ya pili. Zinaogelea muzuri. Aliangalia wakati murefu.

Akauliza: hizi ni nzima? Ni nzima. Na mayai? Ni mazuri, yote ya jike moja.

— Kumbe inaweza kuwa nzima na kushindwa kuingia?

Alinawa mikono. Kisha, bila kuniangalia: siku ya kwanza ya juma yenye inakuya twende wote hospitali.

Nilitoka inje nikalia. Aksanti Mungu! Sijue kama bantu ni sawa na bachula, sijue dokta atasema nini. Lakini muzigo haiko tena ku mugongo yangu peke.

Siku ya posho, 10 Desemba

Somo ilienda muzuri. Nilikula bukari ya unga ya mahindi sana. Nilisinzia muchana.

Siku ya Mungu, 11 Desemba

Mama mukwe na Rosalie balifika nyuma ya misa. Naandika mu chumba, mulango wazi kidogo. Rosalie anaangalia viatu vyake, maskini. Germain alimupatia chai, kisha akasema: mama, bibi yangu Albertine hana kosa. Muntu wa kupimwa njo miye.

Mama mukwe anauliza nani alimuingiza ile maneno. Germain hataje hata chula. Asema: miye mwenyewe niliona.

Sasa mama mukwe ananiita. Sauti haiko kali. Naenda —