Mtoto wa Mdalasini

Jumatatu, 2 Juni

Nimezoa samadi kabla ya chai. Hapo alpaka wana adabu: wote wanakwenda kona moja, mmoja mmoja, kama wanangojea zamu. Mbuzi wetu wa kule Singida hawakuwahi kunirahisishia kazi hivyo. Maji nimebadilisha. Nyasi kavu nimeongeza. Alpaka mmoja, Hiliki, kanitemea mate nilipomgusa shingo. Kosa langu, najua hapendi.

Mdalasini hali chakula. Anazunguka peke yake karibu na uzio, anageuka kuangalia mkia wake. Mama Hansa, mwenye shamba, anasema mimba inaingia mwezi wa kumi na mbili. Kasema angekuwa yeye, angeshakwenda kumshtaki mtu.

Tangu magoti yake yakatae mlima, shamba lote liko mikononi mwangu. Mlima wenyewe si mlima, ni Stanmore tu, huku Ulaya, pembezoni mwa jiji. Marehemu mumewe alinunua wanyama, yeye akawapa majina ya viungo vya pilau. Ni Mhindi, alizaliwa Tanga. Kiswahili chake kizuri kuliko changu na ananikumbusha hilo.

Mama yangu kapiga simu, kauliza tena hao alpaka wakoje. Nimemwambia achukue ngamia, amfinyange awe mdogo, amvalishe manyoya ya kondoo. Kacheka mpaka simu ikakatika.

Nasari imefungwa, mwanangu Zawadi nimekuja naye. Kaniuliza kwa Kiingereza chake kama mtoto atatokea mdomoni. Nimemjibu kwa Kiswahili kwamba hapana. Hakuridhika.

Sijawahi kuona alpaka akizaa. Lakini mbuzi nimezalisha tangu sijaanza shule. Sina wasiwasi.

Jumanne, 3 Juni

Amezaliwa. Dume. Rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi, jua limetoka, kichwa kwanza kisha miguu ya mbele, mpaka akadondoka kwenye nyasi. Macho makubwa, kope kama za bibi harusi.

Nimeharibu.

Mdalasini hakumlamba. Nilisubiri. Alisimama tu, ananusa, anaguna, mmm, mmm. Mtoto kalowa, anatetemeka, na upepo umeanza. Kwetu mbuzi asiyemlamba mwanawe amemkataa. Dawa yake ni chumvi. Unampaka mtoto, mama anakuja kulamba, ulimi ukishaonja mapenzi yanafuata. Bibi ndiye aliyenifundisha. Nikakimbia jikoni, nikampaka mgongo mzima. Mdalasini kanusa, kapiga chafya, kaondoka.

Nikaogopa. Nikambeba ndani, nikamwosha ile chumvi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya Zawadi. Nikamkausha kwa mashine ya nywele ya Mama Hansa. Akawa laini. Akanukia kama mtoto wa mtu. Nikambusu kichwani.

Mama Hansa alikuwa hekaluni. Aliporudi alinikuta sebuleni nimempakata kwenye taulo. Hakufoka. Alivuta kiti.

"Mama Zawadi, alpaka halambi. Ulimi wake umeshikwa chini, hautoki nje hivyo. Mwanawe anamjua kwa harufu na kwa kuguna. Basi."

Na harufu nimeiosha mimi.

Tulipomrudisha, Mdalasini alimtemea majani mabichi usoni. Mwanawe mwenyewe.

Dang'a tulikamua. Mama Hansa kashika shingo, mimi chini, nimekanyagwa. Mtoto kanywa kwa chupa, kwa hiyo maziwa ya kwanza yameingia, nashukuru. Mchana kondo la nyuma likatoka. Nimelizika chini ya uzio, ndani kabisa, kama tunavyofanya nyumbani, mbwa wasilichezee. Nikajiambia angalau hilo nimefanya sawasawa.

Najichukia leo.

Jumatano, 4 Juni

Daktari wa mifugo kaja. Kijana mpole. Kasema mtoto ni mzima, tatizo ni chupa. Kaeleza pole pole ili nielewe. Nilielewa mara ya kwanza.

Dume aliyelelewa na watu anakua akidhani watu ni wenzake. Akipevuka anapigana nao kama madume wanavyopigana, kwa kifua na meno. Anaangusha mtu mzima. Na hapa wikendi wanakuja watoto wadogo kuwatembeza. Hawezi kubaki. Hata kuuzwa hauziki. Sikuuliza wa namna hiyo hufanywaje. Mama Hansa alitazama dirishani, nikajua.

Kwa hiyo asipakatwe. Asisemeshwe. Chupa apewe kwenye uwazi wa uzio, na mtu awe amegeuza uso. Mama yake akimkubali, amepona. Ikifika wikendi bado hajamkubali, daktari ataanza kuuliza mashamba mengine kama yatampokea, na hana ahadi.

Kila nikiingia ananifuata. Ananigunia mimi. Mmm. Zawadi nimemnyonyesha mpaka akaacha mwenyewe. Sijui kumgeuzia mtoto uso. Nimegeuza.

Nililia nikifua taulo. Mama Hansa kauliza, "Unalia nini, amekufa?"

Nikasema bado.

"Basi fikiri. Kulia utalia wikendi, nitakusaidia."

Jumatano, jioni

Nimefukua.

Harufu ya mama imebaki wapi? Nimeiosha mgongoni mwa mtoto, lakini nyingine niliizika mwenyewe. Hilo lilinijia nikiwa nimeshika ndoo za maji. Nikaziacha hapo hapo.

Bibi angenikana. Kondo likizikwa halifukuliwi, mtoto atatangatanga maisha yake yote, ndivyo tulivyoambiwa. Nilichimba hivyo hivyo. Nilimwomba Mungu radhi kwa sauti. Nikamwomba na bibi.

Mama Hansa, ambaye hajala nyama wala yai tangu azaliwe, alisimama juu ya shimo, mtandio umefunika pua. Kasema, "Nimezeeka vizuri bila kugusa kitu kama hiki." Kisha akanishikia ndoo.

Nilivaa glavu nisimwachie harufu yangu. Nikampaka mtoto lile kondo kichwani, mgongoni, chini ya mkia. Hasa chini ya mkia. Tukawafungia wawili kwenye zizi dogo. Mdalasini akainua pua juu, tayari kutema. Akanusa. Akazunguka, akanusa tena nyuma.

Hakutema.

Hakunyonyesha pia. Mtoto alipoingiza kichwa chini alipigwa teke.

Kwenye basi watu wamenihama. Baba Zawadi kafungua mlango, karudi nyuma. Kasema wenzangu wanakuja Ulaya kukimbia kuchunga, mimi nimepanda ndege kuja kuchunga. Kisha kachukua nguo zangu kuzifua.

Alhamisi, 5 Juni

Teke asubuhi. Teke mchana.

Daktari kasema kwa simu nipunguze chupa, abaki na njaa kidogo, njaa itamsukuma kwa mama. Kumnyima mtoto kwa makusudi. Sikuweza kula mchana. Alisimama kwenye mlango wa zizi akiniita, nami napanga nyasi kavu zilizokwisha kupangwa.

Zawadi kaniona. Kasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mkali na niende nikamwombe msamaha. Nimemwambia nitaomba. Sijui nitaomba vipi bila kumsemesha.

Kitu kimoja. Jioni Mdalasini alikuwa anaguna, na alikuwa anamwangalia yeye. Sitaki kutumaini sana. Natumaini sana.

Ijumaa, 6 Juni

Mvua. Nimefika na chupa, hakuwepo mlangoni.

Nikadhani amekufa. Nikachungulia ndani.

Alikuwa upande wa pili, kichwa chini ya mama yake, mkia umepinda juu kama ndoano. Anasukuma. Mdalasini kapanua miguu ya nyuma, kafumba macho nusu, anatafuna. Kama mtu ambaye hakuna lililowahi kumtokea.

Nilikaa kwenye tope. Mama Hansa akanishangaa kutoka juu, akashuka na mwavuli, na magoti yake yale, hatua na hatua. Nikamwelekeza kwa kidole.

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Nyamaza basi, usimkatize."

Nilikuwa nimenyamaza. Tukakaa chini ya mwavuli mmoja, mimi tope, yeye nusu imelowa. Alinishika mkono. Ana vidole vyembamba sana.

Chupa nimeimwaga.

Jumapili, 8 Juni

Wageni wamekuja na kuondoka. Hiliki kamtemea baba mmoja, watoto wake wakafurahi siku nzima.

Walipokwisha kwenda nimefungua zizi dogo, wawili wakatoka kwenda kwa wenzao. Kisha nimeshuka na ndoo. Mtoto alikuwa juu kidogo, anachungulia vipepeo, akashtuka yuko peke yake. Akaanza kukimbia. Miguu mirefu, hajui bado aiweke wapi. Alikuja moja kwa moja upande wangu. Ndoo nikaiweka chini. Mikono ilifunguka yenyewe.

Akanipita. Hata kuninusa hakuninusa. Mdalasini alikuwa nyuma yangu.

Nimebaki pale kidogo, mikono wazi. Halafu nimechukua ndoo, nikaenda kujaza maji.