Mlango wa Watu Wawili

Tunduma,
Jumapili mchana.

Mpendwa dada Jenista,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mpakani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hezron na watoto, na kwamba kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila usingizi umenipungua. Najua utashangaa kupokea karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu huwa unanikatiza, dada, na safari hii nataka nifike mwisho.

Nimepata ujumbe wako wa kikao cha Jumamosi, kwamba baba mdogo Manase atamwita wifi yako Violet aeleze mbele ya ukoo alikopeleka mali ya marehemu kaka Sadock, na asipokiri asikanyage tena nyumbani kwetu, wala mtoto wake Pendo asihesabiwe wetu. Uliniomba nije. Nitakujibu, ila nivumilie kwanza nikueleze habari za magemu yangu, maana jambo lenyewe limeanzia huko.

Unajua Jumapili nikitoka kanisani sina pa kwenda. Wenzangu wa ofisi ya mizigo hukaa kibarazani wakitazama foleni ya malori, mimi hufunga mlango nikawasha runinga. Ulipokuja Pasaka ulinicheka, ukasema mtu wa miaka thelathini na moja anapigana na vivuli. Cheka tu. Mwezi uliopita nilimaliza gemu la shujaa wa mlimani mwenye shoka. Linapendeza kwa macho, lakini lina maneno kama mshenga. Kabla hujampiga adui mmoja umeshahadithiwa ukoo wake wote. Kisha nikacheza la mwanamke anayewinda mashetani mjini, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Hilo nalisifu. Halikubembelezi. Ukikosea unakufa, na ukifa unajua kosa ni lako.

La tatu nilinunua diski yake Nakonde, ya mtumba, kwa Mzambia mmoja aliyekuwa akiniita mulamu kana kwamba nimemwoa dada yake. Ni gemu la wapiganaji wawili ndani ya ngome iliyohamwa. Ukicheza peke yako, mashine inakupa mwenza na kumwongoza yenyewe. Kila hatua inaishia kwenye mlango wa jiwe ambao mtu mmoja hauwezi. Lazima wote wawili waweke mabega wasukume. Nililipenda wazo hilo.

Kwenye mlango wa kwanza mwenzangu hakusukuma. Mimi nasukuma, yeye amesimama nyuma, mikono chini, ananitazama. Nikasema ndiyo mambo ya mtumba. Nikampelekea Clever, fundi wa simu pale sokoni, akaijaribu diski kwenye mashine yake na mlango ukafunguka mara moja. Akaniuliza kama kweli najua kucheza. Niliporudi kwangu, mwenzangu akasimama vile vile, na safari hii alikuwa amebadili nguo. Nilikuwa nimemchagulia bluu. Sasa alivaa koti la njano. Nikamrudishia bluu. Jumapili iliyofuata, njano tena. Maadui walimpita bila kumgusa, kama hawamwoni.

Niliogopa, nikaitoa diski ile, nikarudi kwa yule mwanamke wa mashetani. Nimekwambia gemu hilo ni la mtu mmoja. Nilipofika mwisho wa kichochoro cha kwanza alikuwepo yule mwenzangu wa ngomeni, amevaa koti la njano, mikono chini.

Dada, koti hilo unalijua. Ndilo Sadock alilovaa yadi ya malori, na njano ndiyo rangi aliyochagua kwenye kila gemu tulilocheza pamoja. Sasa nasema. Mashine hii sikuinunua kama nilivyokuambia Pasaka. Ni yake. Siku ya mazishi, ninyi mkiwa makaburini mnaimba, nilitumwa nyumbani kuchukua viti. Nikaingia chumbani kwake, nikaitoa kwenye sanduku chini ya kitanda, nikaifunga kwa shuka. Mila naijua: kitu cha marehemu hakiguswi mpaka ndugu wakae, kiwekwe mkekani na kitajwe mbele ya wote. Nilijiambia tulicheza wote wawili, nani mwingine ataijali.

Siku ya kuanua matanga, baba mdogo alipoitaja mashine ya gemu na haikuonekana mkekani, Mama alimgeukia Violet akasema ameshawapelekea kaka zake. Violet alinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Nikaangalia viatu vyangu. Akaondoka kwenda kwao kijijini Ruanda na Pendo mgongoni, bila hata kupewa lile koti la mumewe, likabaki kwa baba mdogo. Nimeona aibu kila siku tangu siku hiyo, na bado kila Jumapili nikawasha runinga.

Barua hii nimeiandika lile gemu la ngome likiwa limewashwa tena mbele yangu, sisi wawili tumesimama mlangoni. Nilipomaliza mistari hiyo ya juu nilisikia jiwe likisaga. Nikainua macho. Pedi ya kuchezea ilikuwa mezani, mikono yangu ilikuwa kwenye karatasi. Mlango ulikuwa wazi na mwenzangu alikuwa ameshapita, na huko ng'ambo ni giza tupu. Sikumfuata. Nimezima mashine na kuifunga kwa shuka lile lile.

Jumamosi nakuja nayo. Tandikeni mkeka, itajwe upya mbele ya wote, na atakayeitwa kujieleza niwe mimi. Mwandae Mama mapema, unajua ana presha. Mwambie pia baba mdogo alitoe lile koti, tutalipeleka Ruanda pamoja na mashine, na mimi nitampigia magoti shemeji Violet.

Barua inaletwa na Osea, anakuja Mlowo kununua maharage; mpe chai, ni mtu mwema. Nisalimie shemeji Hezron, na watoto uwaambie mjomba anawapenda, ingawa sijui kama baada ya Jumamosi mtawaachia waje kwangu. Na Violet akiuliza ni nani aliyemtetea, usinitaje mimi. Mwambie ni mumewe.

Ni mimi mdogo wako,
Enoka