Picha ya Siku ya Kwanza ya Idara

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Unajua bosi alinipa kazi ya kuandika historia na malengo ya Idara ya Biashara, kwa ajili ya kijitabu cha wageni wa chuo. Leo kaniita ofisini, kafunga mlango. Yeye, ambaye mlango wake uko wazi mwaka mzima!

Kasoma ukurasa wa kwanza, kaukata wote kwa kalamu nyekundu. "Andika mimi ndiye niliyeianzisha idara."

Nikacheka. Nilidhani ananitania, haki ya Mungu.

Nikamwambia, "Lakini mzee, kwenye ile picha ya siku ya kwanza anayefundisha ni yule mama aliyestaafu. Wewe umekaa dawati la nyuma na wanafunzi wenzako."

Shoga, kaiweka kalamu chini taratibu. Halafu kwa sauti ya upole kabisa: "Nani mwingine anayo?"

Hakuuliza picha gani. Kauliza nani mwingine!

Nikasema hakuna, ipo ndani ya bahasha kwenye droo yangu tu. Mdomo huu utaniponza.

Hapo hapo kanituma maktaba nirudishe kitabu. Kimoja! Nimerudi, bahasha ipo, picha hamna.

Na lengo la kwanza la idara, "kufundisha biashara ya uaminifu", hilo hakuligusa. Kaliwekea alama ya vema.

Sasa sikia. Ile picha niliyokutumia wiki iliyopita, tukacheka kola zao ndefu, usije ukaifuta. Ndiyo iliyobaki.