Egemeo la Kamera kwa Harusi ya Binti wa Katibu

CHAMA CHA WAPIGA PICHA ZA SHEREHE
Kumbukumbu za kikao cha 6 (cha dharura), kilichofanyika Jumanne tarehe 9 Julai katika chumba cha nyuma cha studio. Mwaliko ulisema saa 8:00 mchana. Kikao kilianza saa 9:20.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, maarufu kwa jina la Macho Makavu
2. Mama Studio, mwenye chumba na Mtunza Vifaa
3. Miguu Mitatu, mjumbe, aliyeitwa hivyo kwa sababu haendi popote bila stendi yake
4. Shemeji, mjumbe, kaka wa mke wa Katibu
5. Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi

ASIYEHUDHURIA
Fundi Fremu. Alituma udhuru kwamba mgongo unamuuma. Saa 9:45 alionekana dirishani akipita na kabati kichwani.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba ajenda ni moja tu: kuchagua kitu cha kuegemeza kamera ya video ya chama, ili isitikisike tena kama ilivyotikisika mwezi uliopita kwenye harusi ya binti yake. Harusi inayofuata ni ya Jumamosi hii, ya binti wa Katibu.

Miguu Mitatu aliomba iongezwe ajenda ya pili: nani ataishika hiyo kamera. Alikumbusha Kanuni ya 11, kwamba mjumbe ambaye video yake imetikisika zaidi ya dakika moja anapumzishwa sherehe moja. Video ya binti wa Mwenyekiti ilitikisika dakika kumi na moja, na mpigaji alikuwa Katibu. "Sisemi kwa ubaya," aliongeza. Maneno hayo yameandikwa kama yalivyotamkwa.

Katibu alijibu kwamba amepiga video za harusi za watoto wa kila mjumbe aliyemo humu ndani, pamoja na za Shemeji mwenyewe, zote mbili. Yeye ana binti mmoja tu. Alimwahidi tangu yuko darasa la kwanza kwamba video ya harusi yake ataipiga baba yake, na mtu mwingine hataigusa kamera siku hiyo. Alisema jambo hili linamuuma na angependa liandikwe kwamba linamuuma.

Mwenyekiti alisema kanuni ni kanuni, kisha akaangalia dari. Ilikubaliwa kwamba vifaa vijaribiwe kwanza.

KUMB. NA. 2/6: MAJARIBIO
Mama Studio alipendekeza kila kifaa kipige kalenda ya ukutani kwa dakika mbili. Kama maandishi madogo ya chini yatasomeka, kifaa kimefaulu.

Miguu Mitatu alianza na stendi yake. Alitumia dakika tisa kuifungua, kurefusha miguu, kuweka kipovu cha pimamaji katikati na kuwaeleza wajumbe ubora wa kifungio kimoja baada ya kingine. Maandishi yalisomeka yote. Katika dakika ya pili Mama Studio alipita kwenda kuzima jiko la chai, akajikwaa kwenye mguu mmojawapo, na kamera ikapiga dari. Miguu Mitatu alisema stendi haina kosa, kosa ni la wapita njia. Mama Studio alimuuliza kama harusini kutakuwa hakuna wapita njia. Miguu Mitatu alianza kuikunja miguu ya stendi, mmoja baada ya mwingine.

Shemeji alileta kifaa kipya alichokiita mkono wa betri, ambacho huituliza kamera chenyewe hata mpigaji akikimbia. Ili kuthibitisha, alikimbia. Wajumbe walikiri kwa kauli moja kwamba picha ilitulia tuli. Dakika ya pili betri iliisha na kamera ikainamisha kichwa, ikawa inapiga viatu vya Shemeji. Alipoulizwa betri ya akiba iko wapi, alisema iko nyumbani inachajiwa. Alipoulizwa kama ilikuwa nyumbani pia kwenye jaribio alilofanya wiki iliyopita, alisema tusitafutane ubaya.

Mama Studio aliweka mezani mfuko alioushona mwenyewe na kuujaza maharage makavu, akailaza kamera juu yake. Kamera ilikaa vizuri kama mtoto aliyeshiba, lakini picha ikawa inacheza. Miguu Mitatu alisema hayo ndiyo matatizo ya kuchanganya kazi na jikoni. Baadaye iligundulika kwamba Shemeji alikuwa akitikisa goti lake chini ya meza, na kwamba meza yenyewe ina mguu mfupi. Goti lilikatazwa. Mguu wa meza uliwekewa kipande cha boksi, na tangu hapo meza haikutikisika tena hadi mwisho wa kikao.

KUMB. NA. 3/6: KANUNI YA 11
Miguu Mitatu alisema vifaa vyote ni bure kama mkono wenyewe una homa. Aliomba video ya mwezi uliopita iwekwe, ili dakika za kutikisika zihesabiwe na jambo limalizike. Katibu alisema hakuna haja. Mwenyekiti naye, kwa haraka ambayo haikutarajiwa, alisema hakuna haja kabisa. Miguu Mitatu alishikilia msimamo.

Video ambayo watu wote wameiona ina muziki aliouweka Mama Studio juu yake. Safari hii iliwekwa ile ghafi, yenye sauti yake. Ilionekana sehemu ambapo bi harusi anawaaga mama na shangazi zake, na kamera ikaanza kutikisika. Wajumbe walihesabu. Dakika ya tatu Shemeji aliuliza, "Jamani, nani huyo analia karibu na maiki hivi?"

Video ilirudishwa nyuma mara tatu. Kwikwi zilisikika wazi, na kila kwikwi moja kamera iliruka mara moja. Mama Studio alisema hicho si kilio cha mwanamke, ni cha mtu anayejikamua asilie. Ilifuata sauti ya pua ikipengwa, kisha sauti nzito ikinong'ona: "Katibu, usiiondoe begani, watu wataniona."

Wajumbe wote walimgeukia Mwenyekiti. Mwenyekiti aliomba maji.

KUMB. NA. 4/6: MAELEZO YA MWENYEKITI
Mwenyekiti alieleza kwamba siku ile alisimama nyuma ya kamera kwa nia ya kusimamia kazi. Stendi haikuwepo, kwa kuwa Miguu Mitatu alikuwa ameitoa nje kwenda kupiga gari la maharusi na hakurudi kwa saa nzima. (Miguu Mitatu alisema gari lilikuwa na maua mazuri.) Katibu alikosa pa kuegemeza kamera, naye Mwenyekiti akampa bega lake la kushoto. Kisha binti akamkumbatia mama yake, na bega likaanza kufanya kazi ambayo halikutumwa.

Mama Studio alisema, "Loh! Na wewe ndiye umetutangazia mwezi mzima kwamba hukudondosha hata chozi moja!" Mwenyekiti alisema ni kweli alitangaza, na kwamba amekosea sana kumwacha mwenzake abebe lawama. Alimwomba Katibu radhi mbele ya kikao. Katibu alipoulizwa kwa nini alinyamaza, alisema aliombwa asiseme, na aliyemwomba ndiye aliyekuwa akiongoza vikao.

Miguu Mitatu aliondoa hoja yake. Alisema hakusema kwa ubaya. Katibu alimwambia hilo lilishaandikwa.

KUMB. NA. 5/6: JARIBIO LA MWISHO
Saa 11:05 jioni binti wa Katibu aliingia kumuuliza baba yake kama ameshachukua suti kwa fundi. Alikuwa amevaa viatu vya harusi, anavizoesha. Katibu hakuwa ameichukua suti.

Mama Studio alimwomba binti asimame karibu na kalenda, na Katibu ampige video dakika mbili kwa kutumia stendi, ili ushahidi wa mkono wake ukamilike. Binti alisimama. Aliuliza atabasamu au asitabasamu, kisha akatabasamu kabla hajajibiwa.

Video ilipoangaliwa, maandishi ya kalenda hayakusomeka hata herufi moja. Miguu Mitatu alikagua vifungio vyote vitatu akaapa kwamba viko sawa. Shemeji alisema, "Mwacheni kaka wa watu, si stendi hiyo." Katibu alikuwa bado ameshika mpini wa stendi. Alishauriwa auachie.

Katibu alisema kwamba anaweza kurudia, kwamba lilikuwa vumbi tu machoni. Binti alimwambia, "Baba, picha zote za nyumbani wewe humo. Mama yumo, mjomba yumo, hata paka yumo. Jumamosi nataka uwemo."

Katibu aliuachia mpini wa stendi.

KUMB. NA. 6/6: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba Jumamosi kamera ikae kwenye stendi, chini ya uangalizi wa Miguu Mitatu, ambaye amekatazwa kuitoa nje hata gari liwe na maua ya namna gani. Mfuko wa maharage utakuwepo kama akiba, nao usipikwe kabla ya siku hiyo. Mkono wa betri ulirudishwa kwa Shemeji kwa shukrani. Kanuni ya 11 iliongezewa maneno "isipokuwa mtikisiko uliosababishwa na mzazi".

Kuhusu ahadi ya Katibu, binti alisema amemsamehe. Katibu atakaa mstari wa mbele, mikono mitupu. Aliuliza atashika nini sasa. Mwenyekiti alisema bega lake la kushoto litakuwa kwenye kiti cha pembeni yake, kwamba limeshazoea, na kwamba safari hii watu wakiona na waone.

KUFUNGA
Mwenyekiti alikifunga kikao saa 11:50 jioni, akaomba maji kwa mara ya pili.

Mwenyekiti: (saini)

Katibu: (saini)

Wajumbe wataona kwamba saini ya Katibu imeyumba. Ikumbukwe kwamba meza ilikuwa imeshawekewa boksi.