Vinu vya Ijumaa

Jumatano, 1 Agosti 1951
Bwana Harker, mtaalamu wetu wa udongo, kachanganya shabu na amonia kwenye chupa. Kikatoka kitu cheupe, kizito, kama uji wa muhogo. Anasema kimo pia ndani ya udongo wetu mwekundu. Kamera imeharibika, kwa hiyo kila siku nikitazame kwa darubini, nichore umbo la chembe zake. Leo hazina umbo. Ukungu tu.

Alhamisi, 2 Agosti
Ukungu. Bwana kaenda Nanganga kuchimba udongo.

Jumamosi, 4 Agosti
Jana asubuhi Ausi wa lori alinikuta mlangoni mwa maabara: Fatu wangu ana homa kali. Sikuaga mtu. Baiskeli mpaka Ruponda! Mke wangu Mwanne analia, "Baba Fatu, mwanao anaungua!" Tukamleta zahanati ya kazini. Kalazwa, sindano kila siku mpaka Alhamisi. Wanatibu watoto wa wafanyakazi tu.

Leo nakuta ukurasa wa jana kwenye daftari la kazi mtupu; Bwana atajua nilitoroka. Saturnini, mwenzangu wa kupima mvua, alifukuzwa kwa kuandika mvua ambayo haikunyesha—nami nikachora! Sikujua nichore nini, nikachora kinu cha Mwanne: kipana juu, kipana chini, chembamba kiunoni. Vitatu. Mungu anisamehe. Ya leo nimetazama kweli: ukungu.

Jumatatu, 6 Agosti
Nimekwisha! Bwana karudi, kaviona vinu vya Ijumaa. Anasema wenzake Ulaya wanavijua, ila siku ya tatu ni mapema mno. Anawaandikia barua. Kesho tutazame pamoja. Nimetazama peke yangu mara nne—ukungu.

Jumanne, 7 Agosti
Fatu kanywa uji. Mwanne kacheka, mimi nimeshindwa.

Saa tatu Bwana kanipisha nitangulie kutazama. Subhanallah! Vinu! Vidogo, vingi, viuno vyembamba vilevile. Bwana akatazama, akanipiga bega, akalisifu jicho langu.

Halafu akafungua daftari la kazi. Mbona Ijumaa vipo, Jumamosi ukungu, jana ukungu, leo vipo? Lakini Ijumaa hakuishuku hata kidogo. Kashuku Jumamosi na jana—siku nilizotazama kweli! Anasema huenda nilichoka, mtoto akiwa mgonjwa. Nizikate siku hizo mbili, niandike nilikosea, nitie sahihi.

Yuko chumba cha pili, anaipiga chapa barua yake. Naandika hapa kwanza, kwenye kitabu changu mwenyewe. Daftari la kazi liko wazi mbele yangu. Fatu amebakiza sindano mbili. Mashine imenyamaza—anakuja.